Robert Koch: Tabibu aliyekinasa kiini cha kifua kikuu na kutufunza kuhesabu vijidudu vya hewani

Kila ifikapo Machi 24, ulimwengu huadhimisha Siku ya Kifua Kikuu. Tarehe hiyo haikuteuliwa kwa bahati nasibu. Ni kumbukumbu ya jioni moja ya mwaka 1882 mjini Berlin, Ujerumani, ambapo daktari mwenye miwani, asiyejua kupamba hotuba, alisimama mbele ya wataalamu wenzake na kuwaonyesha kiini cha maradhi ambayo, kwa hesabu zake, yalikuwa yakiua mtu mmoja katika kila watu saba waliofariki nyakati hizo.

Jina lake ni Robert Koch. Mkazi wa Mtongwe anayekohoa kwa majuma mawili, akaenda zahanati na kukabidhiwa kikopo cha kutemea makohozi, kisha akaombwa angoje barazani penye upepo wala si ndani ya chumba kilichosheheni watu, anahudumiwa kwa taratibu zenye mizizi katika kazi ya mtu huyo. Kikopo kinatokana naye moja kwa moja. Baraza nalo linatokana naye, lakini kwa njia ndefu iliyojaa makosa, na sehemu ya njia hiyo ilipitia katika pwani yetu wenyewe.

Koch alizaliwa Desemba 11, 1843 katika mji wa Clausthal, kwenye milima ya Harz, akiwa mmoja wa watoto 13 wa afisa wa migodi. Inasimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka mitano aliwashangaza wazazi wake kwa kuwaeleza kuwa amejifunza kusoma peke yake kwa kutazama magazeti. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen. Mmoja wa walimu wake huko, Jacob Henle, alikuwa ameandika zamani kwamba maradhi ya kuambukiza husababishwa na viumbe hai vidogo mno, ila hakuwa na njia ya kulithibitisha hilo.

Mwaka 1872 akawa daktari wa serikali wa wilaya huko Wollstein, mahali ambapo leo ni Poland. Hapakuwa na maabara. Alikigawa kwa pazia chumba alimoonea wagonjwa, akaweka hadubini upande mmoja, na usiku, baada ya shughuli za mchana, akajifungia humo kuchunguza damu ya kondoo waliokufa kwa kimeta. Aliwadunga panya kwa vijiti vilivyochovywa katika damu hiyo, akakuza bakteria ndani ya maji ya jicho la ng'ombe, na akagundua kwamba bakteria wa kimeta wanapokosa mahali pazuri hujigeuza mbegu ngumu zinazoweza kulala udongoni kwa miaka. Mwaka 1876 alizipeleka sampuli zake Breslau kwa mtaalamu Ferdinand Cohn, na jina lake likavuma.

Miaka minne baadaye aliitwa Berlin kufanya kazi katika Ofisi ya Afya ya Dola. Hapo ndipo alipokutana na hewa.

Shida kubwa ya watafiti wa wakati ule ilikuwa kwamba vijidudu vilikuzwa ndani ya supu. Katika supu kila kitu huchanganyika: kiini unachokitafuta, na vingine vyote vilivyoingia na vumbi. Koch aliacha kipande cha kiazi kilichochemshwa mahali pa wazi. Baada ya siku chache kiliota madoa madogo yenye rangi mbalimbali. Alipoyaweka chini ya hadubini alikuta kila doa lina aina moja tu ya kiumbe. Maana yake ni kwamba kila doa lilikuwa ukoo wa kijidudu kimoja kilichodondoka kutoka hewani, kikashindwa kutembea juu ya kiazi, kikazaliana palepale kilipoangukia.

Huenda msomaji akaona hilo ni jambo dogo. Wapishi wa dunia nzima walikuwa wameviona viazi vikiota ukungu tangu zamani. Lakini kuanzia siku hiyo hewa ya chumba iliacha kuwa kitu cha kukisiwa kwa pua. Tangu kale matabibu walisema kwamba hewa mbaya huleta maradhi, na walipima ubaya huo kwa harufu. Sasa iliwezekana kuweka kitu cha ubaridi na unyevu mezani, kungoja, kisha kuhesabu.

Kiazi kilikuwa na kasoro zake, kwa hiyo Koch akatumia gelatini iliyochanganywa na supu na kumwagwa juu ya kioo. Gelatini nayo huyeyuka penye joto. Walther Hesse, daktari aliyejiunga na maabara yake kuchunguza vijidudu vya hewani, aliteseka kwa hilo: alivuta hewa ndani ya mrija wa kioo uliopakwa gelatini, na siku za joto kazi yote ikageuka maji. Mkewe, Fanny Hesse, aliyekuwa akimchorea picha za vijidudu, alipendekeza agari, utomvu mgumu wa mwani aliokuwa akiutumia jikoni kugandisha vyakula vitamu na ambao alikuwa ameusikia kwa jirani aliyewahi kuishi Java. Agari haikuyeyuka. Koch aliitaja katika maandishi yake ya mwaka 1882 bila kumtaja mama huyo, na maabara za dunia nzima zinaitumia hadi leo. (Mwani unaolimwa Zanzibar na Kibuyuni, kaunti ya Kwale, ni wa jamaa hiyohiyo ya mwani mwekundu, ingawa utomvu wake ni wa aina nyingine.) Mwaka 1887 msaidizi mwingine, Julius Petri, akaongeza sahani ya kioo yenye kifuniko.

Kifua kikuu kilihitaji uvumilivu zaidi. Bakteria wake hukua polepole mno. Penye sahani ambapo wengine huonekana baada ya siku moja, huyu hutaka majuma kadhaa. Hakubali rangi za kawaida. Koch alibadilisha rangi na muda hadi vijiti vyembamba vya buluu vikajitokeza, akavikuza juu ya majimaji ya damu yaliyogandishwa kwa joto, akawaambukiza wanyama, kisha akavitoa tena katika miili yao. Jioni ya Machi 24, 1882 alipomaliza kusoma karatasi yake mbele ya Chama cha Fiziolojia cha Berlin, ukumbi ulikaa kimya. Hakuna aliyepinga, na hakuna aliyeuliza. Paul Ehrlich, aliyekuwapo, alikwenda moja kwa moja kutafuta njia bora zaidi ya kuvitia rangi vijiti hivyo, na njia inayotumika katika zahanati hadi sasa ilizaliwa kutokana na juhudi hizo.

Yafuatayo yalikwenda kwa kasi. Mwaka 1883 na 1884 alikuwa Misri na India, akakitambua kiini cha kipindupindu. Mwaka 1890 alitangaza kwamba amepata dawa ya kifua kikuu, tuberkulini. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka kila pembe ya Ulaya. Dawa hiyo haikuponya, na baadhi ya waliodungwa walizidiwa. Koch alikuwa ameficha jinsi ilivyotengenezwa, jambo ambalo mwanasayansi aliyejenga sifa yake juu ya ushahidi wa wazi hakupaswa kulifanya. Tuberkulini ilikuja kufaa baadaye kama kipimo cha ngozi. Miaka mitatu baada ya kashfa hiyo alimwacha mkewe Emmy na kumwoa Hedwig Freiberg, msichana aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, na wakubwa wa Berlin wakazidi kumnunia. Safari za mbali zikawa kimbilio.

Baada ya kuchunguza sotoka ya ng'ombe Afrika Kusini na tauni huko Bombay, mwaka 1897 alitia nanga Dar es Salaam, makao makuu ya koloni la Wajerumani. Alikaa hadi mwaka uliofuata, akichunguza malaria, homa ya mkojo mweusi na maradhi ya mifugo, na kuthibitisha kwamba gonjwa lililoripotiwa Kiziba, karibu na Bukoba, lilikuwa tauni.

Hospitali alimofanyia kazi ingali imesimama. Ni jengo la Ocean Road, lililokamilika mwaka 1897 na ambalo leo ni taasisi ya saratani ya Tanzania. Waliolijenga walilielekeza baharini na kulizungushia mabaraza mapana ili upepo wa bahari ulipenye. Walifuata imani ya kale juu ya hewa mbaya, wala si sahani za Koch. Lakini upepo huo haukuwa wa kila mtu. Ocean Road ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyotokana na fedha za mfanyabiashara Sewa Haji. Ukitazama ramani ya hospitali za kikoloni pwani hii, utaona mara nyingi kwamba ufuo wenye upepo ulitolewa kwa wachache.

Koch alirejea Afrika Mashariki mwaka 1905. Katika vibanda vilivyokuwa kando ya njia za misafara aliwakusanya papasi, na akaonyesha kwamba vimelea vya homa ya papasi hupita kutoka kwa papasi jike hadi ndani ya mayai yake. Dutton na Todd walikuwa wamefikia matokeo ya namna hiyo Kongo. Alifanya kazi pia katika taasisi ya Amani, milimani Usambara.

Sura iliyofuata ndiyo nzito kuliko zote, na maisha yake hayawezi kusimuliwa kwa haki bila hiyo. Mwaka 1906 na 1907 aliongoza msafara wa malale katika visiwa vya Sese, Ziwa Viktoria, upande wa Uganda, ambako ugonjwa huo ulikuwa ukiangamiza watu kwa maelfu. Aliwadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki. Mwanzo ilionekana kuwafaa. Nguvu yake ilipofifia, Koch aliongeza kipimo, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka kabisa. Alipendekeza pia wagonjwa watengwe katika kambi maalumu, na kambi kama hizo zikafunguliwa katika koloni la Wajerumani. Watu waliokuwa na dhiki ya kufa hawakuwa katika nafasi ya kukubali au kukataa, na majaribio ya namna ile yasingefanywa kwa wagonjwa wa Berlin. Katika miaka ya karibuni wanahistoria wa Ujerumani wenyewe wamelichambua jambo hili, na sifa ya Koch haijabaki ilivyokuwa.

Turudi kwenye hewa. Koch alijua kwamba kifua kikuu huingia kwa pumzi. Alikuwa ameshawavutisha wanyama mvuke wenye bakteria na kuwaona wakiugua. Swali lilikuwa bakteria hao hutokaje kwa mgonjwa na kumfikia jirani. Kwa miaka mingi yeye na wanafunzi wake waliamini kwamba hatari ni makohozi yaliyokauka sakafuni yakawa vumbi. Georg Cornet alikusanya vumbi kutoka kuta za wodi, akawadunga wanyama, na baadhi wakaugua. Ndipo vikaja vibao vya kukataza kutema mate ovyo, na vitemeo. Mwaka 1897 Carl Flügge wa Breslau akaonyesha kwamba kukohoa, kupiga chafya na hata kuongea hurusha matone madogo yenye viini.

Koch aliukubali ushahidi huo. Katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel, aliyotunukiwa mwaka 1905, alieleza kwamba mgonjwa anayekohoa huwa hatari hasa katika vyumba vidogo, vyenye giza na visivyopata hewa ya kutosha, ambamo wagonjwa na wazima hulala pamoja. Miaka minne kabla, jijini London, alikuwa ameyataja makazi yaliyofurika ya maskini kuwa ndiyo machimbuko halisi ya maradhi haya. Mtu aliyetumia maisha yake kukisaka kiini chini ya kioo alimalizia kwa kuelekeza kidole kwenye chumba.

Chumba hicho kinajulikana Mtongwe. Katika nyumba za Kiswahili zilizoenea Likoni, Kisauni na Changamwe, vyumba hupangwa pande mbili za ukumbi mmoja mrefu, na si ajabu chumba kimoja kuwa makao ya familia nzima. Dirisha ni dogo, na usiku hufungwa kwa kuogopa wezi na mbu. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba wagonjwa wengi wa kifua kikuu walikuwa hawajatambuliwa. Waliendelea kukohoa nyumbani, ndani ya matatu na katika foleni za hospitali.

Robert Koch alifariki Mei 27, 1910 katika mji wa Baden-Baden, akiwa na umri wa miaka 66, kwa maradhi ya moyo. Mwili wake ulichomwa na majivu yakahifadhiwa ndani ya taasisi inayobeba jina lake Berlin. Hakuishi kuona jibu kamili la swali la wodi.

Jibu hilo lilitolewa Marekani. Mwaka 1934 William Wells alieleza kwamba matone madogo kabisa hayafiki sakafuni. Hukauka yakiwa bado angani na kubaki chembe nyepesi zinazoelea kwa saa nyingi. Kati ya mwaka 1956 na 1962, katika hospitali moja ya Baltimore, Richard Riley na wenzake walivuta hewa ya wodi ya kifua kikuu kupitia mabomba hadi chumba cha juu ya paa, walimowafuga simbilisi, wanyama wadogo wafananao na panya wasio na mkia. Hawakuwahi kuonana na wagonjwa. Walishiriki hewa tu, na wakaambukizwa. Wale ambao hewa yao ilipitishwa kwanza kwenye miale ya urujuanimno walisalimika.

Hapo kasoro ya sahani ilijidhihirisha. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki wataalamu wa maabara bado hupima hewa ya wodi kwa kuacha sahani ya agari wazi kwa saa moja, mita moja kutoka sakafuni na mita moja kutoka ukutani, kisha wakahesabu madoa. Ni kipimo cha bei nafuu, na hufichua mengi kuhusu usafi na msongamano. Lakini sahani hunasa kinachoanguka. Chembe ya kifua kikuu haianguki, na hata ikigusa agari ya kawaida haitaota. Wodi inaweza kupata sahani safi na hewa ikawa na sumu. Mtu yuleyule alitupa kiini na kipimo, na kipimo chake hakikioni kiini chake.

Kwa hiyo wahandisi hawahesabu madoa peke yake. Huhesabu pia hewa inavyobadilishwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kwa hospitali zinazotegemea upepo ulitaka lita 60 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mgonjwa wa wodi ya kawaida, na lita 160 panapolazwa wenye maradhi ya kuambukizwa kwa hewa. Mwongozo huo unatoa hesabu rahisi. Dirisha wazi la mita moja ya mraba, likitazamana na jingine la ukubwa huo upande wa pili, upepo ukienda mita moja tu kwa sekunde, huingiza takriban lita 650. Hiyo yatosha wagonjwa wanne wa kifua kikuu, au kumi wa kawaida. Funga dirisha moja na hesabu yote huporomoka.

Mwaka 2007 watafiti waliopima hospitali za Lima, Peru, walikuta kwamba wodi za kale zenye dari refu na madirisha makubwa zilipata hewa nyingi kuliko zile mpya, na hata kuliko vyumba vya kutengea wagonjwa vyenye mitambo. Watawala wa kale walijenga vyema kwa sababu zisizo sahihi. Siku hizi, penye fedha kidogo, dari hushushwa, dirisha huzibwa na kiyoyozi hutundikwa ukutani. Mgonjwa hufurahia ubaridi. Lakini kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hakileti hewa mpya; huivuta ileile ya chumbani, huipoza na kuirudisha. Mitambo ya kweli ya hospitali hufanya kazi nyingine. Katika chumba cha upasuaji husukuma hewa iliyochujwa ili ya nje isiingie. Katika chumba cha mgonjwa wa kifua kikuu huifyonza ili ya ndani isitoke kwenda ukumbini. Mtambo kama huo huhitaji umeme usiokatika, vichujio vya kubadilishwa na fundi anayeuelewa. Ukikosa kimojawapo, chumba hugeuka sanduku.

Janga la Covid-19 lililoingia Kenya Machi 2020 lilirudisha mjadala huu kana kwamba Riley hakuwahi kuishi. Miezi mingi ilipita watu wakipangusa meza na kunyunyizia dawa barabarani, na mpaka mwaka 2021 ndipo Shirika la Afya Duniani likatamka waziwazi kwamba virusi hivyo husafiri hewani ndani ya vyumba visivyopata hewa ya kutosha.

Mtongwe, iliyoko ng'ambo ya Kilindini, haina upungufu wa upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba hadi Machi, na kusi huipokea kuanzia Aprili. Kinachobaki ni mbu. Dirisha likiwekwa wavu hupitisha hewa pungufu, na wavu ukishika vumbi na chumvi ya bahari hupitisha kidogo zaidi, hivyo lazima dirisha lenyewe liwe kubwa na wavu uoshwe mara kwa mara. Chandarua juu ya kitanda humruhusu mlalaji aache dirisha wazi. Koch, aliyewahi kushughulika na malaria Dar es Salaam na kifua kikuu Berlin, aliyachunguza maradhi hayo mawili katika miji miwili tofauti. Muuguzi wa zamu ya usiku hapa hukabiliana nayo yote katika wodi moja, mkono wake ukiwa kwenye komeo la dirisha.